Swali la Tisa: Paa

Shengejuu, saa tatu asubuhi.
Kishikwambi cha serikali kimo mkobani mwangu
kama kitoto cha mtu: nimeambiwa kisilowe,
kisianguke, kisishikwe na mwenye mafuta mikononi.
Mkataba wangu ni wa siku ishirini na moja.
Semina ilikuwa Chake, siku mbili, chai na sambusa moja moja,
na bwana wa makao makuu akatwambia:
"Pensheni ya kila mzee imetuelemea.
Sasa tunamtafuta maskini hasa."
Hasa. Akaliandika ubaoni, akalipigia mstari.

Bi Mize Shaame anafungua kabla ya hodi ya pili.
Ana miaka sabini na sita, au na nane,
inategemea unaamini karatasi ipi.
Ananitandikia mkeka, yeye anakaa sakafuni.
Swali la kwanza, jina. La pili, wanaokula chungu kimoja.
La tano, kuku. "Watatu," anasema, akiwahesabu kwa kidevu.
La nane, choo. Ananitazama kwa huruma,
kama mtoto wa watu aliyesahau adabu ugenini.
La tisa, paa.

Sote wawili tunatazama juu.
Bati kumi na nane, zimeshika kutu kwenye misumari.
"Mwaka ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakavunjika," anasema.
"Marehemu alitaka redio.
Nikamwambia, redio haizuii mvua."

Kwenye mashine, bati ni alama saba.
Makuti ni sifuri.
Kidole changu kimesita hewani.
Kisha najisikia nikisema, na sikutumwa kusema:
"Bibi, lile banda la jiko ni makuti.
Ukisema unalala jikoni, sitakuuliza tena."
Akanyamaza kidogo, akauvuta mtandio.
"Mwanangu, nimevujiwa miaka arubaini.
Hizi ndizo fahari zangu. Andika bati."

Nikaandika bati.

Ng'ambo ya njia anakaa Bi Zuwena binti Mselem,
katika nyumba ya mawe iliyodondosha ghorofa yake.
Juu kumebaki makuti na kipande cha turubai la buluu.
Ile sakafu ya kuanikia karafuu bado ipo,
watoto wanachezea mpira, na magoli ni viatu.
Shamba liligawanywa eka tatu tatu, yeye angali msichana;
wakabaki na nyumba, na jina, na vikombe vya kauri
ambavyo kimoja nimenywea chai isiyo na sukari.
Mwana mmoja, yuko Maskati. Simu? "Iddi hadi Iddi."
Paa, sifuri. Kuku, sifuri. Mashine ikawa kijani:
anastahiki.

"Na Mize je?"
"Siruhusiwi kusema."
"Basi zimemponza bati."
Akakigeuza kikombe mpini upande wangu, upande wake, upande wangu.
"Baba akipokea karafuu, pishi ilikuwa na kichuguu.
Akilipa mpunga, pishi hiyo hiyo, akiipitishia ubao.
Aliyeshika ubao ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi.
Mize alisimama pale, na pakacha lake, wala hakusema kitu."
Akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu.
"Hicho nakijua. Kimebadilika umbo tu."

Nimetuma fomu zote mbili chini ya mfenesi,
mahali pekee panaposhika mtandao.
Kwetu Kiuyu paa ni bati pia,
na mama anarudi mwani na miguu iliyochanika.
Sijui yeye atahesabiwa na nani.

Nilikuwa nimefika barabarani mjukuu aliponikimbilia,
kifua wazi, anahema:
"Bibi anasema kuku ni wanne.
Mmoja alikuwa analalia mayai, kamsahau.
Anasema urekebishe,
hataki kudaiwa na serikali."

Nikafungua mkoba, nikamwonesha kioo.
Fomu ikishatumwa haifunguki.
Akaitazama, akanitazama,
akauliza: "Sasa nikamwambieje?"